Kabla Hujasema Mtoto Ana Kichwa Kizito

Katika shule za wadi ya Mkomani, na kwingineko upande wa bara wa Mombasa, kuanzia Kisauni hadi Likoni, ni nadra kukuta darasa lisilo na mtoto wa namna hii. Herufi alizofunzwa Jumatatu, ikifika Jumatano hana hata moja. Akiitwa, huchelewa kugeuka. Akipewa hesabu huanza vizuri, kisha macho yakahamia dirishani na kalamu ikalala. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hana nafasi ya kumchunguza mmoja mmoja. Mzazi arudi jioni amechoka, na jirani ana jibu lake tayari: huyu kichwa chake kizito, mtafutieni kazi ya mikono. Chuoni anakosoma Kurani nako hukumu ni ile ile.

Hukumu hiyo hutolewa kabla ya swali lililopaswa kutangulia: mwili wa mtoto huyu una nini? Tumbo lake je, damu yake, mifupa yake? Mombasa ina sababu ya kuliuliza swali hili kuliko miji mingi. Ukitoka Mkomani ukavuka Daraja la Nyali, ukapita kisiwani hadi Makupa na kushika barabara kuu ya Nairobi, ukishaiacha Changamwe unafika Mikindani. Hapo pana mtaa uitwao Owino Uhuru, wenye wakazi wapatao 3,000. Katika mtaa huo sumu iliyoingia miilini mwa watoto ilipimwa, ikaandikwa, na ushahidi wake ukafikishwa hadi Mahakama ya Juu ya Kenya.

Mwaka 2007, kiwanda cha Metal Refinery EPZ kilianza kazi pembeni mwa mtaa huo, ukuta ukigusana na nyumba za watu. Betri za magari zilizokufa zilivunjwa na kuyeyushwa humo ili madini ya risasi yaliyomo yatolewe na kuuzwa. Moshi ulitua juu ya mabati. Maji machafu yalipita mitaroni, mahali ambapo watoto huchezea. Wanaume wa mtaa walioajiriwa kiwandani walirudi jioni na vumbi katika nguo, wakawapakata wana wao kabla ya kuoga, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba vumbi lile ni sumu.

Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri Phyllis Omido, mwanamke kijana aliyekuwa na mtoto mchanga. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kusimamia ripoti ya athari za mazingira. Ripoti hiyo ilipendekeza kiwanda kihamishwe, na yeye akaondolewa katika kazi hiyo. Muda si muda mwanawe akaugua. Alipimwa malaria, akapimwa homa ya matumbo, homa isiondoke. Damu yake ilipopimwa madini ya risasi ndipo jibu likapatikana. Omido akaacha kazi, akaanzisha shirika la kutetea haki na mazingira, CJGEA, na akaanza kuwahimiza majirani wa kiwanda wapimishe watoto wao. Mwaka 2012 alikamatwa baada ya maandamano na kushtakiwa, kisha mahakama ikamwachia huru. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, inayotolewa Marekani kwa watetezi wa mazingira wa ngazi ya mitaa.

Tuzo ni jambo la fahari, ila damu ya watoto ndiyo habari yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwapima watoto wadogo 130 wa Owino Uhuru na wa Bangladesh, mtaa mwingine wa mabanda katika eneo hilo hilo la Mikindani. Ulikuta kwamba wastani wa risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru ulikuwa maradufu ya ule wa wenzao. Asilimia 45 yao walifikia au kupita mikrogramu 5 kwa kila desilita ya damu, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema kikifikiwa lazima chanzo cha sumu kitafutwe na kuondolewa. Upande wa Bangladesh walikuwa asilimia 15. Hiyo 15 nayo haipaswi kumfariji mtu. Bangladesh haikuwa na tanuri mlangoni, na bado katika kila watoto saba mmoja alikuwa na sumu ya kutosha kumtia daktari wasiwasi.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili ni la mwalimu sawa na lilivyo la daktari, ni lazima kufuata njia ambayo risasi hupita. Mtoto mdogo hutambaa, hushika kila kitu, hutia mkono kinywani. Risasi anayoimeza hufyonzwa na mwili wake mara nne hadi tano kuliko mtu mzima anayemeza kiasi hicho hicho. Ikishaingia, mwili huipokea kama mgeni aliyevaa nguo za mwenyeji: huidhania kuwa kalsiamu. Kalsiamu ndiyo inayowezesha seli za ubongo kupelekeana habari, na ndiyo inayojenga mifupa. Kwa hiyo risasi hupewa nafasi kote kuwili. Katika ubongo unaokua huvuruga mawasiliano yale ambayo kusoma, kukumbuka na kutulia hutegemea. Katika mifupa hujificha miaka mingi, na msichana aliyeibeba utotoni anapokuja kushika mimba, mifupa yake huiachia tena ikamfikia mwana aliye tumboni.

Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Dawa za kuitoa mwilini zipo, ila hutumika kwa wenye kiwango cha juu sana, na uharibifu uliokwisha kufanyika katika ubongo hazirudishi nyuma.

Uhusiano kati ya risasi na darasa ulithibitishwa kwa kitu ambacho watoto hukitupa wenyewe: meno ya utotoni. Katika miaka ya 1970, daktari Mmarekani Herbert Needleman alikusanya meno yaliyong'oka ya watoto wa madarasa ya chini katika miji ya Chelsea na Somerville, karibu na Boston, akapima risasi iliyomo. Walimu waliojaza fomu kuhusu tabia za watoto hao hawakujua nani ana risasi nyingi na nani hana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1979 yalionyesha kuwa kadiri risasi ilivyozidi katika jino, ndivyo walimu walivyozidi kumwelezea mtoto kuwa hatulii, hafuati maagizo, anaota ndoto za mchana. Watoto hao hawakuonekana wagonjwa. Hawakulazwa hospitali. Miaka kumi na zaidi baadaye Needleman aliwafuatilia, akakuta waliokuwa na risasi nyingi walikuwa wepesi zaidi kuacha shule ya sekondari kabla ya kumaliza.

Afrika imezoea kuisikia risasi inapoua. Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 kutokana na vumbi la betri kuukuu. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, mamia ya watoto walikufa mwaka 2010 kwa sababu ya uchimbaji wa dhahabu uliochanganyika na risasi. Misiba hiyo ilileta wanahabari na madaktari kutoka kila pembe. Mtoto aliyebaki hai na kupoteza uwezo wa kusoma aya moja hadi mwisho haletewi mtu. Ripoti ya UNICEF na shirika la Pure Earth ya mwaka 2020 ilikadiria kuwa mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani hadi watoto milioni 800, ana risasi ya mikrogramu 5 au zaidi katika damu, na walio wengi wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Sasa turudi kwenye tumbo, maana risasi haifanyi kazi peke yake. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma, au asiyepata kalsiamu ya kutosha, hufyonza risasi zaidi. Mtoto aliyeondoka nyumbani na chai ya rangi tupu hufyonza zaidi kuliko aliyekula mahamri na mbaazi. Na ni nini kinachomnyima mtoto wa Pwani madini ya chuma? Chakula duni, malaria, na minyoo ya safura inayojibandika katika utumbo na kunyonya damu.

Safura inajulikana vizuri katika Kwale, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Mradi wa utafiti ulioitwa TUMIKIA, uliofanyika huko kati ya 2015 na 2017, ulilinganisha njia mbili za kugawa dawa: kuwapa watoto shuleni tu, au kwenda nyumba kwa nyumba na kumpa kila mtu. Walipopewa wanafunzi pekee, walioambukizwa safura katika jamii walipungua kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Walipopewa watu wote mara mbili kwa mwaka, walishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.3. Maana yake ni rahisi: mtoto hupewa dawa shuleni asubuhi, na mchana akakanyaga tena udongo uliochafuliwa na watu wazima ambao hakuna aliyewapa kidonge.

Kisiwani Pemba, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa watoto wadogo waliopewa dozi ndogo ya madini ya chuma kwa mwaka mmoja waliendelea vyema zaidi katika lugha. Lakini katika jaribio lingine kubwa hapo hapo Pemba, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006, utoaji wa madini hayo ulisimamishwa, kwa kuwa watoto waliopewa madini ya chuma pamoja na foliki katika mazingira yenye malaria nyingi waliugua vibaya au kufa zaidi kuliko wasiopewa. Kitu kile kile kinachoujenga ubongo kilimwongezea mtoto hatari pale malaria ilipokuwa haijadhibitiwa. Mzazi anayesoma haya asikimbilie duka la dawa. Apeleke mtoto akapimwe damu na malaria kwanza.

Na malaria nayo ina deni lake darasani. Kilifi, mwendo wa saa moja na ushei kaskazini mwa Mkomani, watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, waliwafuatilia watoto waliopona malaria kali, wakiwemo waliozimia au kupata degedege. Takriban robo yao walibaki na kasoro za akili, lugha au mwendo, ilhali kwa watoto wasiowahi kuipata walikuwa kama mmoja katika kumi. Familia hushukuru Mungu mtoto akiamka, na haki yao kushukuru. Ila mwalimu atakayempokea muhula unaofuata hana karatasi yoyote inayomwambia kilichompata.

Je, ukimtibu mtoto basi atasoma? Hapa pana haja ya ukweli, kwa sababu mashirika mengi yamejipatia fedha kwa ahadi nyepesi. Jaribio maarufu kuliko yote lilifanyika Kenya, katika iliyokuwa Wilaya ya Busia, kuanzia 1998. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000 waliopewa dawa ya minyoo kwa zamu. Utoro ulipungua kwa karibu robo, na watafiti hao wakaripoti nafuu hata miongoni mwa watoto wa shule jirani ambao hawakumeza kidonge. Alama za mtihani hazikupanda. Kremer alikuja kuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, na wanasayansi wengine waliochambua upya takwimu zile mwaka 2015 walizikosoa vikali. Ufuatiliaji wa miaka 20, uliochapishwa 2021, ulikuta waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi wakiwa wanapata ujira mkubwa kwa asilimia 13 kwa kila saa ya kazi.

Kwale ilitoa somo la pili, tena lenye faida zaidi kwa walimu wetu. Kati ya 2010 na 2012, shule 101 za serikali zilishiriki jaribio lenye sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza watoto walipimwa malaria kila muhula na waliokutwa nayo wakatibiwa. Damu yao haikuongezeka wala umakini wao, kwani kati ya kipimo na kipimo mbu waliendelea na kazi yao. Katika sehemu ya pili walimu wa madarasa ya chini walipewa mafunzo ya kufundisha kusoma, mipango ya masomo, na ujumbe mfupi wa simu wa kuwatia moyo. Watoto wakasoma vizuri zaidi, na walioacha shule wakawa asilimia 2.1, huku katika shule zisizopewa msaada huo wakiwa 5.3. Afya humfikisha mtoto kitini na kumwacha na nguvu ya kusikiliza. Kumfundisha ni kazi nyingine, na anayemwambia mzazi kwamba kidonge kitafanya zote mbili hamtendei haki.

Mkazi wa Mkomani anaweza kudhani Owino Uhuru ni habari ya ng'ambo. Wadi hii ina majumba ya Nyali upande mmoja na nyumba za kupanga zilizobanana upande mwingine, na haina tanuri la betri. Hata hivyo risasi ina milango mingi. Baadhi ya wanja wa manga, ule wa jiwe unaotoka Arabuni na Bara Hindi, husagwa kutokana na madini ya risasi yenyewe, na Pwani bado ni desturi kumpaka mtoto mchanga machoni na usoni. Sio kila wanja una sumu, lakini kwa macho huwezi kuutofautisha. Rangi ya zamani inayobambuka ukutani na kwenye vitanda vya chuma huenda ina risasi. Mvuvi anayeyeyusha risasi jikoni ili atengeneze chubwi la nyavu au mshipi huwavutisha moshi wake watoto wote wa nyumba. Fundi anayefungua betri uani, hivyo hivyo. Angalau petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza, iliacha mwaka 2021. Hilo lilikuwa tendo la serikali, na liliwafikia watoto ambao wazazi wao hawakuwahi hata kusikia kwamba lipo.

Serikali, kwa hakika, ndipo penye uzito wa jambo hili. Tarehe 16 Julai 2020, Jaji Anne Omollo wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa aliamua kuwa haki za wakazi wa Owino Uhuru za kuishi, za afya na za mazingira safi zilikiukwa. Aliagiza walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo wao usafishwe. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilikata rufaa, na Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kati ya tanuri kuwashwa na neno la mwisho la mahakama ilipita miaka 17.

Kuchelewa huko kuna chanzo chake. Mtoto mmoja wa Mombasa ana ofisi nyingi. Afya yake ni ya kaunti tangu mfumo wa ugatuzi uanze kazi mwaka 2013. Akiwa katika madarasa ya awali, PP1 na PP2, elimu yake ni ya kaunti. Akiingia Gredi ya Kwanza ni ya serikali ya kitaifa, Nairobi. Leseni ya kiwanda kilicho nyuma ya nyumba yao iko kwenye ofisi nyingine kabisa. Kila ofisi ina faili lake, na hakuna faili lenye jina la mtoto huyu, kipimo cha damu yake na ripoti yake ya shule kwa pamoja.

Na si kwamba haiwezekani. Tangu 2012 wizara za afya na elimu zimeendesha pamoja mpango wa kitaifa wa dawa za minyoo shuleni, ukiwafikia mamilioni ya watoto kila mwaka, Pwani ikiwemo, na mwalimu wa kawaida ndiye anayempa mtoto kidonge. Tangu 2023 nchi ina wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wanaopita nyumba kwa nyumba. Kila Mei na Novemba kuna wiki za Malezi Bora za matone ya vitamini A. Njia zimekwisha kuchongwa. Kinachokosekana ni kupitisha humo kipimo cha damu: wingi wa damu kwa kila mtoto anayeanza shule, na risasi kwa wale wanaoishi karibu na karakana za betri, viwanda vya kuyeyusha chuma na majaa ya taka.

Mwalimu naye hahitaji kungoja waraka kutoka Nairobi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekwisha kumkataza kumchapa au kumtesa kiakili mtoto asiyeelewa. Kinachobaki ni kumwelekeza mzazi zahanati, na ikibidi kituo cha EARC, ambako walimu waliosomea kazi hiyo hupima usikivu, uoni na uelewa wa mtoto. Mzazi amwambie muuguzi kila kitu: mtoto amewahi kupata degedege, anakula udongo, baba anafanya kazi na betri, bibi humpaka wanja. Maswali haya huchukua dakika chache, na mara nyingi hayaulizwi.

Waliozaliwa Owino Uhuru mwaka kiwanda kilipowashwa walitimiza miaka 17 mwaka Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake. Shule ya msingi wameshaipita, vyovyote walivyoipita. Kaunti ya Mombasa na serikali ya kitaifa ziwalipe, ziusafishe udongo ule, na ziwapime wadogo zao wanaoanza PP1 Januari ijayo, Mikindani, Mkomani na kila wadi iliyo kati yake.